Mama ameniambia nifungue muti

Leo mama ameniambia nifungue muti. Si mulango. Muti.

Munaujua, ile jenevrie yangu ndogo, muti wa bonsai, iko mu chungu, matawi yanashuka chini kama maji yanamwagika. Asubuhi niliifunga waya mupya, tawi kubwa lishuke zaidi. Nikawatumia foto humu mu group yetu ya bonsai. Mulisifu sana.

Muda kidogo, dada yangu Zaina akashikwa na uchungu. Bwana yake akamupeleka maternite na pikipiki.

Muchana, mutoto bado.

Kwetu muke akikawia kuzaa, nyumba yote inafunguliwa: kila kitu kilichofungwa kinaweza kuzuia mutoto, zaidi kile kilichofungwa siku ile ile. Mama akafungua kamba ya mbuzi, kamba ya nguo, hata nywele zake akazifumua.

Halafu akaona chungu changu.

— Na huu, nani aliufunga?
— Mama, ni muti tu.
— Fungua!

Waya hii haivutwi, inakatwa kidogo kidogo na pinsi. Mimi nilivuta. Tawi kubwa likavunjika, kwa!

Pikipiki ikaingia mu lupango ya nyumba yetu wakati ule ule. Shemeji alikuwa peke yake.

Zaina iko muzima. Mutoto, hapana.

Shemeji akaangalia nywele za mama, kamba chini, waya mukononi mwangu. Hakulia. Akaniuliza tu:

— Uliufunga lini?

Mungekuwa mimi, mungejibu nini?

Nilisema juzi.

Shemeji hayuko mu group hii. Ile foto ya asubuhi, tafadhali, kila mutu aifute.