Kifuniko cha Javel

Harufu ya javel, ile dawa kali ya kuulia vijidudu, hunirudisha Sange kila mara. Wengine wakiisikia huwaza hospitali, au choo kilichosuguliwa vizuri. Mimi naona migomba ya Koko, mama yake mama yangu, ikinyauka nyuma ya jiko, nami mtoto nimesimama hapo sielewi kitu.

Nilipelekwa kwake baada ya kolera, yaani kipindupindu, kumchukua mdogo wangu kule Uvira, tulikokaa kando ya ziwa. Tangu msiba ule Koko hakuyaamini tena maji. Bidon, dumu letu la maji, ikitoka mtoni, haijatua vizuri, ameshatia kifuniko cha javel. Ya kunywa, ya kupika, hata ya kunawa miguu! Chai yetu ilinuka kama dispanseri, na ukikunja uso anakuambia: "Mu maji muko tududu. Minye sitazika mutoto mwingine."

Basi kirabiranya ikaingia shambani. Jina hilo tulilipata kwa majirani zetu wasemao Kirundi. Majani yanageuka njano, ndizi zinaoza zikingali mbichi, ukikata shina linatoa usaha. Tukaamriwa kung'oa migomba yote, ugonjwa usije ukavuka kwa wengine. Koko aliumia sana. Machipukizi ya kwanza alipewa na mama yake huko milimani alipoolewa, na hakuna harusi ya kwetu iliyokunywa pombe ya kasikisi iliyotokana na ndizi za kwingine. Akaomba aachiwe walau safu moja, ile ya nyuma ya jiko, iliyokuwa bado nzima.

Akaja agronome, mtaalamu wa kilimo, dada mmoja wa Uvira, juu ya pikipiki. Nilidhani ameleta dawa. Kumbe alichota tope chini ya mgomba uliooza kuliko yote, akaondoka nalo. Nikamuuliza Koko tangu lini dawa inatafutwa kwa maiti. Akanifinya.

Dada alirudi na bidon ya maji yenye ukungu kidogo, ya kunyunyizia ile safu. Ikibaki nzima, Koko atapanda tena machipukizi yake. Ikinyauka, nayo itang'olewa. Alituonya tuiweke bidon kivulini na tunyunyize jioni tu, maana jua linaiharibu dawa. Kisha akaeleza: "Mu hii maji muko tududu. Tule tududu tunakulaka tududu twa kirabiranya."

Koko aliitikia kila neno kama yuko kwenye misa. Mimi kichwa kilizunguka. Tududu tuzuri? Na tududu hutu tukishamaliza kirabiranya, tutakula nini baadaye, sisi watu?

Pikipiki ilipotokomea, Koko alitia kifuniko cha javel ndani ya ile bidon. Akafikiri kidogo, akaongeza kingine, kwani huyu dada mwenyewe amekiri kuwa tududu tumo. Akatikisa vizuri. Hatukuona ajabu yoyote. Kwetu maji yasiyonuka hayakuwa maji. Tukanyunyiza jioni baada ya jioni, Koko akisali kwa sauti ndogo.

Safu ikanyauka. Agronome alikuja akauliza: mliiacha juani? Hapana. Mlinyunyiza mchana? Hapana. Akataka kuiona bidon, lakini Koko alikuwa ameshaiosha ikatakata, kwa javel bila shaka. Dada alishika kiuno, akaitazama migomba kwa muda mrefu. Yeye hakuelewa, Koko hakuelewa, na mimi ndiyo usiseme. Wanaume walipoanza kukata, Koko aliingia ndani akafunga mlango. Majirani wakasema dawa ya tope, hata mtoto angejua ni uongo.

Nilikuja kuelewa nikiwa mwanafunzi mkubwa, mwalimu alipotufundisha juu ya vile virusi vidogo mno vinavyokula bakteria, kwamba vinaishi hasa pale penye ugonjwa, na kwamba javel inaviua kama inavyoua kolera. Nilitoka darasani katikati ya somo. Nilicheka, halafu nikalia, watu wakinishangaa.

Mwisho wa juma nilikwenda Sange na maneno yangu tayari mdomoni. Koko amezeeka sasa. Kabla sijasema lolote alinipa kikombe cha maji, akasimama akinitazama mpaka niyamalize, kama alivyofanya utoto wangu wote. Yalinuka vilevile. Nikayanywa yote, na bado niko hai.

Akakaa karibu yangu, akaangalia kule nyuma ya jiko, ambako sasa ni mihogo.

"Weye umesoma," akasema. "Ni nini iliua migomba yangu?"

Nikamwambia sijui.