Jumamosi ya Uyoga

Katika nchi hii mzazi hawezi kumwachisha mtoto shule akamfundisha mwenyewe nyumbani. Sheria haimruhusu, ila kwa sababu za nadra sana. Kwa hiyo shule yetu ya nyumbani ilikuwa ya Jumamosi tu, na somo lilikuwa moja: Kiswahili. Niliifunga Juni watoto walipoanza likizo, nikaifungua tena mwishoni mwa Agosti, jua la Stockholm linapoanza kuchoka. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Kutoka dirisha letu la ghorofani, hapa mtaa wa Vårby gård, huoni maji wala ng'ambo, unaona weupe tu, kama vile mtu amefuta nusu ya dunia ubaoni.

Mwaka huo nilikuwa na haraka moyoni. Julai tulikuwa tumekwenda Voi kumwona mama yangu. Mwanangu mdogo, wa miaka saba, alishinda naye kibarazani, wakitazamana na kucheka. Jioni mama akanivuta kando.

"Mwanangu, huyu mtoto ni bubu?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka.

Basi nikapangusa meza ya jikoni, nikaweka kalamu na karatasi, nikawaita. Mdogo alikuja na blanketi mabegani. Dada yake, wa miaka kumi na mitatu, alisimama mlangoni akasema kwa Kiswidi kwamba hataki, kwamba ana shule siku tano na Jumamosi ni yake.

"Keti tu, mama," nikamwambia. "Saa moja."

Aliketi, lakini uso akaugeuzia dirishani.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mama wa jirani yetu wa chini, bibi kutoka mji wa Uvira, aliyeletwa na binti yake huyo majira ya baridi yaliyopita. Kiswidi alikuwa bado hajakijua. Alikuwa amemshika mjukuu wake mkono.

"Nimesikia uko na masomo," alisema. "Huyu mutoto anasikiaka, lakini hasemi."

Nikawakaribisha wote wawili. Nikaanza na ngeli: mti, miti; kiti, viti. Wadogo waliitikia kwa sauti za usingizi. Mwanangu mdogo akalaza shavu mezani. Bibi naye alianza kusinzia, na mimi mwenyewe, nikisikia sauti yangu ikirudia mti, miti, nilihisi kama ninayeota kwamba mimi ni mwalimu. Nje ukungu ulikuwa unafunuka, na misonobari ikaanza kujitokeza mmoja mmoja.

"Miti ile pale," nikasema ghafla. "Vaeni viatu."

Msitu uko nyuma ya majengo yetu, mwendo mfupi tu. Ukiingia, sauti ya barabara kuu inakatika, ardhi inakuwa laini, na miguu inazama kwenye majani mabichi yaliyofunika mawe yote. Mwanga unashuka umechujwa. Wadogo walichuma matunda ya buluu mpaka midomo ikawa na rangi ya wino. Binti yangu alikwenda mbele peke yake. Kila vuli darasa lao hupelekwa msituni, naye anajua uyoga kama mimi ninavyojua mboga za kwetu. Mfuko wake ulikuwa tayari na uyoga wa manjano, unaonukia kidogo kama tunda.

Bibi alikuwa ameamka kabisa. Alikuwa anajisemea, anagusa magome ya miti, anachungulia chini ya vichaka kama mtu aliyerudi mahali anapopajua. Nikamwona ameinama. Mbele yake kulikuwa na uyoga mweupe mrefu, msafi, mzuri kuliko wote tuliouona.

"Kwetu tunakulaka ya hivi," alisema kwa furaha, akanyoosha mkono.

"Bibi! Usiguse!"

Sikuitambua sauti. Binti yangu alikuwa anakuja mbio, nywele zimejaa vijiti. Alifika akaushika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili.

"Hii ni sumu, Bibi. Inaua. Hata kidogo tu." Akasita, akitafuta neno. "Inaharibu... hapa." Akajigusa tumboni chini ya mbavu za kulia, akanitazama.

"Ini," nikamwambia.

"Inaharibu ini. Leo hausikii kitu. Kesho unaumwa, halafu unaona umepona. Lakini haujapona. Halafu unakufa."

Bibi aliutazama ule uyoga, kisha akamtazama msichana.

"Na ni muzuri hivi?"

"Ni mzuri, ndiyo. Lakini ni mbaya."

Bibi akacheka, mkono umo bado mikononi mwa binti yangu. Nikakaa juu ya jiwe. "Basi unifundishe," Bibi akamwambia. "Macho yangu ni ya kule."

Wakaondoka wawili, wakiinama na kuinuka katikati ya misonobari. Nilizisikia sauti zao zikija na kupotea. Huu ndiyo, Bibi. Huu hapana. Angalia shina, lina pete? Wacha. Sarufi ilikuwa imepinda hapa na pale, nami sikuinyoosha.

Mchana tuliukaanga ule wa manjano kwa vitunguu na siagi, tukala na ugali jikoni kwetu. Mvua ilianza, hakuna aliyeinuka.

Tangu siku hiyo shule yetu ilihamia msituni. Nyumbani binti yangu bado hunijibu kwa Kiswidi. Ila tukishapita miti ya kwanza, Kiswahili kinamtoka bila kuitwa, na wadogo wanamwiga yeye, si mimi.

Tulikwenda hivyo mpaka uyoga ukaisha na majani yakaanguka. Jumamosi moja ya Novemba tulishuka hadi ziwani. Barafu ya kwanza ilikuwa imeshika ukingoni, nyembamba kama kioo cha taa, na chini yake maji yalikuwa yanatoa mlio mrefu usio wa ndege wala wa chuma. Mwanangu mdogo akanishika koti.

"Mama, hii sauti inaitwaje?"

Sikujua. Bibi alisema inaimba. Binti yangu alisema hapana, inajinyoosha. Mjukuu wa bibi akasema inaota. Mwanangu hakukubaliana na yeyote, akatuambia tunyamaze, na sote watano tukasimama pale tukisikiliza.