Nilimkamata Mama Mkwe Kiunoni Mbele ya Watu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wakwe zangu wamejaa humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu huku Nyang'hwale. Hapa naandika nikizunguka uani, kukaa siwezi.

Kwetu Wasukuma mama mkwe hata mkono humpi. Unampisha njia, unamwamkia kwa mbali. Mimi na mama mkwe wangu tumeishi hivyo kwa heshima. Kaka wa mke wangu nafanya naye kazi karasha moja, kwa hiyo mama huwa anatuletea ugali mchana.

Siku hiyo shemeji alishika mota ya karasha kwa mikono yenye maji, pale waya ulipochubuka. Umeme ukamng'ang'ania, meno yamekaza, hata kelele hawezi. Nakimbilia swichi kubwa, namwona mama katupa hotpoti, "Mayu wee, mwanangu!" anamwendea mikono mbele. Nikapayuka, "Mama, usimguse!" Wapi! Nikamkamata kiuno, nikamrusha kwenye lundo la mchanga, khanga ikabaki mkononi mwangu. Ndipo nikazima umeme. Shemeji akaanguka, hapumui. Wenzangu wanataka kumfukia kwenye udongo eti umeme utoke! Nikawafukuza, nikambonyeza kifua mfululizo mpaka akakohoa, tukamkimbiza hospitali. Yupo, mzima.

Shukrani yangu sasa: mke karudi kwao. Kwenye simu ananiambia, "Umemvua mama yangu nguo mbele ya wachimbaji." Nikamjibu, "Ningemwacha, ungezika wawili!" Akakata. Mama mwenyewe nikifika kwake anajifungia ndani. Inaniuma jamani, yule mama nampenda.

Wazee wa ukoo wanasema yataisha nikisimama mbele yao Jumapili, niombe radhi na niape kwamba sitamgusa tena, liwalo na liwe. Radhi nitaomba, hata kwa magoti. Lakini shemeji karudi kazini jana. Ule waya bosi kauviringishia nailoni tu, kila nikimwambia ananijibu, "Tulia, fundi anakuja." Na leo mchana mama kaleta ugali wa mwanawe, kasimama palepale karibu na mota, kanipa mgongo.

Nishaurini ndugu zangu. Mke wangu namtaka arudi, na mama yake namtaka awe hai. Jumapili niape?