Maganda ya Ijumaa Kuu

Zelia Picou amekuwa akibandua nyama ya kaa kiwandani tangu usichana wake, na vidole vyake vinaonyesha hivyo. Mtaani kwake, kule kusini mwa Luisiana ambako mashamba ya miwa yanaishia kwenye kinamasi, wanamwita Mama Dubu. Wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza.

Jina hilo lilitokana na dubu jike mweusi mwenye watoto wawili, ambaye Zelia alikuwa akimtetea. Dubu wa pwani ile wamebaki wachache, na huyu alikuwa ameshazoea mapipa ya taka. Maafisa wa wanyamapori walimkamata, wakampeleka mbali msituni, akarudi. Safari hii walisema waziwazi: akila tena taka za watu, atauawa, maana dubu asiyeogopa watu ni hatari.

Ikafika Ijumaa Kuu. Siku hiyo hakuna anayegusa nyama. Kila ua una sufuria kubwa ya kamba wa kinamasi, na pilipili mpaka makamasi yanatoka. Kinachobaki ni maganda, magunia kwa magunia, na gari la taka halipiti hadi Pasaka iishe. Kwa joto lile, hebu fikiria harufu yake! Wenye akili huyagandisha kwenye friza. Wavivu huyatupa pipani.

Zelia alipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Alimkuta shemeji yake, Alcide Verret, bado ananyonya vichwa vya kamba.

"Shemeji, maganda hayo yaende kwenye friza."

"Friza yangu imejaa bata niliowinda. Niwatoe wakalale wapi, kitandani kwako?"

"Waje tu. Wana adabu kukuzidi."

Alcide akacheka. "We Mama Dubu, huyo akifa si wapo wengine?"

"Wako wapi? Nionyeshe hata mmoja."

Alcide akatazama kule kwenye miwa. 

"Basi lete gunia," Zelia akasema.

Friza yake nayo ilikuwa imejaa. Akatoa soseji, bamia na paja la nguruwe alilolinunua kwa ajili ya Pasaka, akavirundika mezani, akashindilia maganda ya Alcide mpaka mlango ukafungika.

Alfajiri dubu akatokea kwenye miwa, watoto nyuma yake. Zelia alisimama dirishani, roho juu. Dubu akaangusha pipa la Alcide, akaingiza kichwa, akakitoa. Ndani mlikuwa na makopo matupu tu. Ndipo Alcide akatoka na kaptula ya kulalia, akigonga sufuria.

"Toka! Unataka kuuawa bure, mjinga wewe?"

Wote watatu wakatimkia kwenye miwa.

Baadaye Alcide akaja jikoni kwa Zelia, akaketi mbele ya nyama inayoyeyuka.

"Umewapigia maafisa simu?" Zelia akauliza, bila kumtazama.

"Niwaambie nini, shemeji? Kwamba amekula hewa?"

Zelia akashusha pumzi, akamsogezea kisu na soseji.

"Basi katakata hizo. Zitaharibika."