Mtoto wa Kakakuona Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku ya kwanza kazini nilichora kuku, na kuku yule nusura anirudishe nyumbani. Ofisi yetu ya vitabu ilikuwa Kinondoni, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa najiona fundi. Baba alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, nami nimekua nikishika msasa. Msanii Mkuu, mzee asiyepandisha sauti, aliutazama mchoro wangu kwa muda.

"Binti, kuku huyu umemwona wapi?"

"Kichwani mwangu, mzee."

"Huko hatagi. Nenda sokoni Buguruni ukamtazame anavyokanyaga, ndipo urudi."

Nilichuchumaa mbele ya matenga mpaka muuzaji akauliza, "Sista, unanunua au unapeleleza?" Siku hiyo nilijua kwamba kuku akiinua mguu hukunja vidole.

Baadaye nilihamishiwa kiwandani Temeke, chini ya Meneja wa Uchapaji. Enzi hizo picha ya rangi ilitengwa mara nne, kila rangi na bamba lake, yaani bati jembamba linalobeba picha mtamboni. Bamba likisogea kidogo tu, simba anapata macho manne. Meneja alikuwa mkali. "Wino ukishakauka," alikuwa akituambia, "hausikii samahani."

Niliporudishwa Kinondoni nikapewa riwaya za watoto. Iliyonipa jina ilimhusu kakakuona jike anayekimbia moto katika msitu wa Pugu, mwanawe ameng'ang'ania juu ya mkia. Nilichora picha sitini. Mkurugenzi alikwisha kuiandikisha kushindania tuzo, na mabamba yalikuwa tayari. Ila tulikuwa na desturi ya kuwasomea watoto prufu, nakala ya majaribio, kabla ya mtambo kuwashwa. Nikaipeleka shule moja Manzese.

Tulipofika ukurasa wa arobaini na moja, kakakuona akivuka mto, msichana wa dawati la mbele akaanza kulia.

"Mtoto wake kazama," alisema.

"Hajazama, mwanangu. Hadithi inaendelea."

"Hayupo, mama. Angalia mkia."

Niliangalia. Mkia ulikuwa mtupu. Nilimsahau mtoto, na wahariri wote walipita pale bila kuona kwamba hayupo. Tangu hapo darasa halikunisikiliza tena. Kila nilipofunua ukurasa walikuwa wakimtafuta mtoto.

Nilirudi ofisini moja kwa moja nikamweleza Mkurugenzi, Msanii Mkuu akiwepo.

"Picha moja kati ya sitini!" Mkurugenzi alifoka. "Zimebaki siku nne. Majaji watasoma maneno."

"Watoto wanasoma picha, mkuu. Hapa mtoto amekufa, ukurasa unaofuata amefufuka."

"Na tukichelewa, tukakosa tuzo?"

"Tutakosa. Lakini kikichapwa hivi, jina langu litoke jaladani."

Nilikuwa na watoto wawili wa kusomesha na sikuwa na kazi nyingine. Msanii Mkuu akasogeza karatasi nyeupe mezani. "Kosa kalileta mwenyewe," alisema. "Mwache alirekebishe."

Nilipoketi kuchora niligundua kwamba kumrudisha mtoto mkiani kusingetosha, maana mkia ulikuwa majini. Basi nikampandisha mpaka shingoni, kucha zake zimeshika magamba ya mama, pua juu. Ilikuwa picha bora kuliko ile ya kwanza. Meneja wa Temeke alinung'unika, lakini alitengeneza mabamba mapya manne, na kitabu kikawasilishwa siku ya mwisho.

Kilishinda. Hakuna jaji aliyeutaja ukurasa ule. Nilipopeleka nakala Manzese, yule msichana alipekua mpaka arobaini na moja, akamgusa mtoto kwa kidole, kisha akarudi mwanzo na kuanza kusoma.

Nimestaafu nikiwa Msanii Mkuu. Wachoraji wa leo hutumia kishikwambi, na kosa linafutwa kwa kidole. Siwaonei kijicho; kifaa hicho kingekuwapo wakati wangu ningekipokea kwa mikono miwili. Riwaya zangu nyingine mbili zilipata tuzo, nami najua zilistahili. Shule zikinialika bado nakwenda. Nikishafungua kitabu, picha siziangalii tena. Nawatazama watoto, na mmoja akinyanyua mkono, nanyamaza nimsikilize.