Gari Jekundu la Viti Viwili

Mimi si mwongeaji. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua, nasema sijui, ili nikae upesi. Lakini mwaka ule wa kidato cha pili nilikuwa mdomo wa watu wawili, bibi yangu na baba yangu. Kila walichotaka kuambiana kilipita kwangu, hata wakiwa wamesimama uwanja mmoja na kusikiana vizuri kabisa.

Bibi huyu ni mama yake mama. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Baba akikutana naye njiani anashuka kwenye baiskeli, anaingia kwenye majani na kugeuka upande mwingine mpaka bibi apite. Bibi naye anavuta khanga mpaka kwenye paji la uso. Mtu asiyejua angedhani wamegombana. Kumbe wakati wa mavuno baba ndiye wa kwanza kufika Michenga, kijijini kwa bibi, na mundu wake kuvuna mpunga wa bibi, ila anaanzia upande wa pili wa shamba, na bibi ndiye anayemwekea chakula chenye samaki mkubwa kuliko wetu wote. "Mpelekee mkwe wangu," ananiambia, "na usimung'unye njiani."

Mwaka ule bibi alichomwa na kisiki shambani, chini kidogo ya goti. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kula nyama, na goti likakauka likawa halikunjiki. Hospitalini wakasema kisafishwe kila siku ya Mungu, la sivyo mguu utakatwa. Vitanda vya wodini vilikuwa vya wagonjwa waliozidiwa. Kulala kwetu mjini bibi hakutaka hata kusikia. Alale chini ya paa la mkwe wake? Afadhali mguu uende.

Basi mama na mimi tukawa tunamfuata Michenga na baiskeli. Bibi anakaa kwenye keria, mguu umenyooka kama mpini wa jembe, mama anashika usukani na mimi nasukuma nyuma huku nikiushikilia ule mguu usigonge kitu. Barabara ina mashimo. Kila shimo bibi alinyamaza, na mtu kama bibi akinyamaza ujue anaumia, maana kwa kawaida anaongea kuanzia anapoamka. Vijana wa pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga walikuwa wanatupigia vigelegele.

"Bibi harusi huyooo! Anapelekwa!"

"Njooni mnioe basi," bibi anawajibu. "Mguu mmoja bado mzima."

Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Bibi hakuona haya hata kidogo. Ila siku nyingine, tukifika kumchukua, alikataa tu. "Leo mguu unapumzika," anasema, na anaendelea kuwarushia bata wake pumba. Nesi akamwambia mama waziwazi: hizo siku mnazoruka ndizo zinazomla mguu.

Hapo ndipo yakaja magari.

Baba alikuwa anatunza stoo kwenye mradi wa barabara. Mkubwa wake alikuwa Mjerumani mmoja mrefu, mpole, ambaye kama wengine wanavyofuga kasuku yeye alifuga magari. Alikuwa nayo mawili ya kwao, ya spoti, yale mafupi yanayolala chini. Jinsi yalivyofika Ifakara kila mtu alikuwa na hadithi yake. Aliyaendesha kiangazi tu, masika yalikaa bandani yamefunikwa turubai. Sasa mkataba wake ulikuwa umeisha, akamwambia baba achague moja, kwa bei ya kuagana, na lile litakalobaki litapanda lori kwenda Dar. Jibu alilitaka Jumamosi.

Moja lilikuwa jekundu, la viti viwili tu, ukigeuka nyuma unakutana na ukuta. Jingine lilikuwa la rangi ya fedha, nalo la milango miwili, lakini nyuma lilikuwa na kikiti kidogo ambacho mwenyewe alisema ni cha watoto au mbwa.

Baba alilipenda jekundu. Sisi nyumbani tulilijua jambo hili kama tunavyojua anapenda chai ya tangawizi. Kwa miaka alikuwa akilifuta vumbi bila kuagizwa, na akirudi jioni anatusimulia mlio wake kwa mdomo, anabadilisha na gia. Wenzake wa kijiwe cha kahawa walikuwa upande wake.

"Jekundu! Utapita hapa kama moto wa nyikani!"

"Na magunia ya mpunga ataweka wapi? Mapajani?"

"Acheni wivu. Mpunga utapanda trekta, mzee apande ndege."

Usiku ule mama alikuwa anashona, akauliza bila kuinua kichwa, "Tunanunua gari la nini?"

"La kumpeleka mama hospitali," baba akasema.

"Basi hesabu viti."

Baba akahesabu. Hata mimi niliona anavyohesabu. Kwenye jekundu kuna kiti cha dereva na kingine, na hicho kingine kinagusana bega na cha dereva. Bibi na baba, bega kwa bega, kutoka Michenga mpaka hospitali, kila siku. Hata kulifikiria tu, masikio yake yalibadilika rangi.

"La fedha, basi," akasema. "Mama atakaa nyuma." Alilisema kama mtu anayepokea uji wakati ameshanusa pilau.

Nami, niseme ukweli, nilifurahi. Kwenye la fedha ningepata upenyo wa kukaa. Kwenye jekundu nisingepata kitu.

Jumamosi tukaenda uwanjani kwa Mjerumani. Bibi tulimleta na baiskeli, kwa sababu mama alisema ng'ombe hanunuliwi bila kuonekana. Bibi akakaa kwenye mkeka pembeni ya ukuta, mguu ameunyoosha mbele yake, khanga usoni. Baba akasimama upande wa pili wa magari, ametupa macho kwenye paa la nyumba. Mimi katikati.

"Mwambie baba yako," bibi akaanza, "haya magari yamekaa kama vyura."

"Baba, bibi anasema—"

"Nimesikia. Mwambie chura wa Kijerumani anaruka mbali."

"Bibi, baba anasema—"

"Nimesikia. Mwambie asinichekeshe, kidonda kinavuta."

Mjerumani alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Akamnong'oneza mama, "Samahani, hawa wamekosana?"

"Hapana," mama akasema. "Wanapendana sana."

Tukaanza na la fedha. Mama akalaza kiti cha mbele, bibi akaingia kinyumenyume, mimi nimeshika mguu. Mwili uliingia. Mguu ukagoma. Ukikunjwa haukunjiki, ukiachwa unatoka nje ya mlango. Mwishowe tukaupitisha mahali pekee ulipokubali kupita, katikati ya viti viwili vya mbele, na ukaja kutulia na kidole gumba kikiwa kimegusa gia.

Baba, ambaye alikuwa hatakiwi kuangalia, aliangalia. Akaiona gia, akauona mguu wa mama mkwe wake, na nadhani akaona mkono wake mwenyewe ukitafuta gia namba mbili. Alitembea mpaka kwenye geti na kurudi.

"Mwambie baba yako," sauti ya bibi ikatoka ndani, "hapa kila akibadilisha gia atakuwa ananisalimia."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tukajaribu kiti cha mbele cha lile lile, mama akisema labda pawekwe pazia, lakini kiti kilikuwa hakirudi nyuma, kinazuiwa na kile kikiti cha mbwa. Goti likagonga. Bibi akanyamaza, tukamtoa haraka.

Mjerumani akafungua mlango wa jekundu. Hakuna aliyemwomba. Mlango wake ulikuwa mrefu ajabu, na kiti chake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mrefu, kilirudi nyuma mpaka ukutani. Tukamshusha bibi taratibu. Akashuka, akashuka, nikadhani anafika chini kabisa. Kisha akanyoosha mguu, wote, bila kugusa chochote. Akaegemea.

"Eh," akasema. "Hapa nimekaa kama mkekani."

Ndivyo ilivyokuwa. Landrova na pikapu zote zilitaka upande na ukunje magoti kama mtu wa kanisani. Gari lile lilitaka ukae chini na kunyoosha miguu, na hicho ndicho bibi alichokuwa amekifanya maisha yake yote.

Lakini kiti cha dereva kilikuwa pale pale, kitupu, kimegusana bega na chake. Wote tulikiona. Gari ambalo baba alilitaka ndilo lililomfaa bibi, na kwa bibi kukaa humo baba hawezi kukaa. Baba alitazama lile gari muda mrefu, si paa tena. Kisha akaniita jina langu la nyumbani.

"Mwambie bibi yako tunachukua jekundu."

"Mwambie baba yako mimi siendi kukaa na mkwe wangu kama wachumba."

"Mwambie mimi siendeshi. Anaendesha mwanae."

"Mimi?" Mama akaruka. "Mimi naendesha cherehani!"

"Cherehani ina kanyagio," baba akasema. "Hili lina matatu tu. Utazoea."

Akamfundisha kwenye kiwanja cha ndege, jioni, mbuzi wakishafukuzwa. Mimi nilikaa kwenye majani kuangalia. Gari liliruka, likazima, likaruka. Baba hakupaza sauti hata mara moja, ingawa kila gia ilipolia nilimwona anafumba macho kama anayepigwa sindano. "Taratibu, mama," alikuwa anasema, "mguu wa kushoto uachie kama unavyoachia mtoto aliyelala." Ifakara nzima ikaja kuangalia. Mama aliwaambia wanaotaka kucheka wachekee barabarani, maana huko ndiko atakakokutana nao.

Basi gari la ndoto ya baba likawa la mama na bibi. Asubuhi mama analiwasha na kwenda Michenga, bibi anapakiwa, wanapita kwa nesi, anarudishwa. Petroli ilikuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo haikutumika kwa safari nyingine yoyote, hata Jumapili. Baba alibaki na kuliosha jioni. Alilijua likiwa limesimama tu. Mimi nilirudi kwenye keria ya baiskeli yake, ananiacha shuleni na kuendelea kazini, kwa barabara hiyo hiyo ya Michenga.

Na kila asubuhi tulikutana nalo. Kwanza vumbi jekundu huko mbele, kisha mlio. Hapo baba anashuka, ananishusha, anaingiza baiskeli kwenye majani na kugeuka, mgongo kwa barabara. Ndani yumo mama mkwe wake. Gari linapita nyuma yake likikimbia, zuri sana, bibi amenyoosha mguu na kupungia watu wa mashine ya kukoboa kama mkuu wa wilaya, na baba anatazama mpunga wa watu. Mimi niliona kila kitu, yeye hakuona kitu. Ila alisikia. "Amechelewa kuingiza tatu," anasema akiipandisha baiskeli barabarani. Au, siku nyingine, "Hiyo sasa ndiyo tatu," na siku hiyo alipiga mluzi mpaka shuleni.

Sikuwahi kumwambia lolote. Nilitaka kumwambia lilivyo zuri likipita, nikawa naangalia kola ya shati lake mbele yangu na maneno yanaishia hapo.

Kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni. Goti likalegea kidogo. Nesi akasema sasa aje mara moja moja, na masika yalikuwa yananukia. Asubuhi hiyo ya mwisho, tukasikia mlio, tukaingia kwenye majani kama kawaida. Lakini gari halikupita. Likapunguza mwendo, likasimama hapo hapo nyuma yetu. Baba akakazana kuangalia mpunga.

Mlango mrefu ukafunguka. Bibi akatoa mguu mmoja, kisha mwingine, akamshika mama bega, akasimama. Akavuka barabara polepole bila fimbo na kwenda kusimama nyuma ya kichaka upande wa pili, ametupa mgongo.

"Mwambie baba yako ageuke," akapaza sauti. "Mimi simo ndani."

Sikurudia. Baba alikuwa ameshageuka. Mama akampisha kwenye usukani. Akaenda nalo peke yake mpaka pale barabara inapopinda, tukaona likipungua, likipungua, vumbi likafunga. Akapotea muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikasikia gia ya tatu kule mbali, na nyingine ambayo mama hajawahi kuifikia. Nilichelewa shule na sikujali. Kisha akaonekana anarudi, uso wote umefunguka kama wa mtoto.

Nyuma ya kichaka bibi alikuwa anakohoa vumbi.

"Mwambie baba yako," akasema, "akimaliza anitoe huku. Vumbi limenijaa."

Nikapaza sauti kumwambia baba, na vijana wote wa mashine walinisikia.