Shangazi Asafisha Faili la XML

Shangazi yangu haivi chungu kimoja na uchafu. Pale masjala ya hospitali, anakotunza kumbukumbu za wagonjwa, hata kompyuta ameivalisha kitambaa alichofuma mwenyewe. Sasa fundi wa kompyuta alipomletea mafaili ya mtindo mpya, eti XML, nusura azimie.

"Vidude gani hivi? Kila neno limebanwa mbele na nyuma!"

"Ni alama, mama," fundi akasema. "Kila taarifa inafunguliwa na kufungwa kwa alama inayosema hii ni taarifa ya nini. Hospitali nyingine zina programu tofauti na yetu, lakini kwa hizi alama tunaelewana."

Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Hakuelewa hata chembe. Namjua, akichanganyikiwa ndipo anapokubali upesi.

Asubuhi moja mdogo wake, yaani baba yangu, alikimbizwa hospitali kubwa kupasuliwa, hajitambui. Faili lake likatakiwa huko. Shangazi akaona haya kumtuma ndugu yake tumbo moja na takataka zote zile. Akatoa nakala, akafuta mabano, akafuta alama, mpaka likabaki jeupe. Akalituma, akaenda kuchemsha chai.

Nilipopita kuchukua ufunguo wa nyumbani, simu ikalia. Shangazi akaipokea kwa kipaza sauti; alikuwa daktari wa huko.

"Programu yetu imelikataa faili lenu. Nimelisoma mwenyewe, naona neno 'penisilini' limekaa peke yake. Ni dawa anayotumia au inayomdhuru?"

Shangazi akanitazama. Nilikumbuka baba aliwahi kuvimba uso, lakini kwa dawa ipi? Sikujua, na hasira zikanipanda.

"Mbona nimelisafisha?" akasema, machozi yakimlengalenga. "Limekuwaje halisomeki?"

Nikatoka mbio kumwita fundi. Akafungua faili la mwanzo, lile lenye alama zake zote, akamwonyesha mahali kwa kidole. Shangazi akamsomea daktari kwenye simu, bila kujua kipi cha kuruka:

"Mabano, inamdhuru, mabano. Penisilini. Mabano, mkwaju, inamdhuru, mabano."

Kisha daktari akashusha pumzi.

"Asante, mama. Muuguzi alikuwa ameshaivuta kwenye sindano."

Shangazi akaweka simu chini, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "nilitaka tu aende nadhifu."